Kufunga tairi pana nyuma ya pikipiki ya kruza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tairi la nyuma la kruza, yaani pikipiki nzito ya kiti cha chini, likiisha kashata, wengi hawaulizi wanunue lipi, wanauliza kama wanaweza kuweka pana zaidi. Mara nyingi inawezekana kupanda hatua moja, mradi rimu inakubali na nafasi ipo. Zaidi ya hapo kazi inahamia kwenye rimu, mkanda unaozungusha gurudumu, madigadi na mkono wa nyuma, yaani chuma kinachoshika ekseli na kupanda na kushuka pamoja na shokapu. Anayejua kusoma namba za ubavuni aruke moja kwa moja hadi sehemu ya rimu na nafasi.

## Mambo ya msingi

Namba kama 170/80-15 77H zina maana gani?

170 ni upana wa tairi kwa milimita, ubavu hadi ubavu. 80 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya huo upana, na asilimia 80 ya 170 ni mm 136. 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Kistari kabla ya 15 kinaonyesha tairi la bayasi, ambalo nyuzi zake zimepita mshazari. Herufi B ni bayasi iliyoongezewa mshipi. R ni radiali.

77 ni fahirisi ya mzigo, nayo ni kilo 412 upepo ukiwa kamili. H ni kasi ya juu inayoruhusiwa, kilomita 210 kwa saa. Tairi jipya lisishuke chini ya la awali katika hizi mbili, hata liwe pana kiasi gani. Kuna matairi mapana ya ubavu mfupi ambayo fahirisi yake ya mzigo ni ndogo kuliko ya tairi jembamba lenye ubavu mrefu, na watu wengi hawaiangalii namba hii kabisa.

Matairi kadhaa ya kruza, hasa ya Harley-Davidson, bado yanaandikwa kwa herufi. MT90 inakaribiana na 130/90, na MU85 inakaribiana na 140/85.

Upana ulioandikwa ndio upana halisi?

Si lazima. Matairi mawili ya 180 ya watengenezaji tofauti yanaweza kupishana milimita kadhaa, na tairi lilelile hubadilika kulingana na rimu. Kadiri ya haraka ni kwamba kila nusu inchi ya upana wa rimu huongeza au kupunguza kama mm 5 za upana wa tairi. Watengenezaji huchapisha upana halisi na kipenyo halisi cha kila tairi pamoja na rimu lililopimiwa. Tumia jedwali hilo, hasa kama nafasi uliyonayo ni ya milimita chache.

Nitapata nini hasa?

Sura. Kruza ni pikipiki ya kutazamwa ikiwa imesimama pia, na tairi nene chini ya madigadi ya nyuma huipa uzito machoni. Ni sababu halali, na simwonei aibu anayeitaja.

Wanaotarajia mshiko mkubwa zaidi ndio huvunjika moyo. Eneo la mpira linalogusa lami hutegemea zaidi mzigo na upepo kuliko upana. Gurudumu la nyuma likibeba kilo 200 na tairi likiwa na upepo wa kilo 2.5 kwa sentimita ya mraba, eneo la mguso ni karibu sentimita 80 za mraba, tairi liwe la 150 au la 180. Linalobadilika ni umbo: kwenye tairi pana mguso unakuwa mfupi na mpana. Mshiko wa kweli unatoka kwenye aina ya mpira, hali ya tairi na upepo sahihi. Tairi jipya la kipimo cha awali lenye mpira laini litashika vizuri kuliko pana lenye mpira mgumu.

Mbona kuna kruza zinazotoka kiwandani na tairi la 240?

Zipo. Triumph Rocket III ilitoka na 240/50 kwenye rimu ya inchi 16, na Suzuki M109R na Harley-Davidson Breakout zimetumia 240/40 kwenye rimu ya inchi 18. Lakini hizo zilichorwa kuanzia mwanzo kwa upana huo: mkono wa nyuma, njia ya mkanda au shafti, madigadi na pembe ya foku. Kulinganisha pikipiki yako yenye tairi la 150 na hizo kunapotosha. Anayetaka kufika huko asome swali la seti za 240, sehemu ya mwisho.

## Rimu na nafasi

Rimu yangu inaweza kubeba upana gani?

Tafuta maandishi kwenye rimu yenyewe, mara nyingi karibu na valvu au kwenye mguu wa spoki ya kuyeyushwa. Utaona kitu kama 15 x MT 3.50, maana yake kipenyo inchi 15 na upana inchi 3.5. Huo upana hupimwa ndani, pale midomo ya tairi, yaani kingo zake zinazoshika rimu, inapokaa. Ukipima kwa nje, kingo hadi kingo, utapata namba kubwa kuliko ukweli na utanunua tairi lisilofaa.

Kisha angalia jedwali la mtengenezaji wa tairi unalolitaka. Kila tairi lina rimu yake ya kipimo na mipaka ya chini na juu. 180/55 ya inchi 17 imeundwa kwa rimu ya inchi 5.5, 240/40 ya inchi 18 inahitaji rimu ya inchi 8 au zaidi. Rimu yako ikiwa nje ya mipaka, mjadala umeishia hapo: ama ubadili rimu, ama ubaki na upana wako.

Nikilazimisha tairi pana kwenye rimu nyembamba?

Litaingia, na hapo ndipo udanganyifu ulipo. Midomo ikivutwa ndani, mbavu zinajikunja na uso wa tairi unachongoka katikati. Ukienda moja kwa moja unakanyagia ukanda mwembamba wa kati, ambao unaisha haraka huku pembeni pakiwa papya. Kwenye kona pikipiki inaanguka ghafla kuelekea upande unaoulaza badala ya kwenda taratibu. Umelipia upana na kupata wembamba, na upana uliopimwa baada ya kufunga huwa haufikii ulioandikwa.

Nitapimaje nafasi iliyopo?

Hapa tumia muda kuliko mahali pengine popote. Inua pikipiki gurudumu la nyuma liwe hewani, kwa jeki imara, na tairi la sasa liwe na upepo wake kamili. Zungusha gurudumu polepole na utafute sehemu inayokaribia chuma zaidi, kwa sababu hakuna tairi wala rimu iliyonyooka kabisa. Weka alama ya chaki hapo, kisha pima vitu hivi vyote: mkono wa nyuma kushoto na kulia, mkanda au cheni na kinga yake, mkono wa kuzuia breki na kalipa, na sehemu za ndani za madigadi. Vichwa vya bolti za madigadi ndivyo vinavyosahaulika. Vinachungulia ndani milimita kadhaa, na tairi likivigusa vinachana mpira.

Pima pia mbele ya tairi, pale mikono miwili ya nyuma inapoungana. Tairi refu zaidi linasogea huko. Kama pikipiki ina mkanda au cheni, pima ekseli ikiwa imesogezwa mbele kabisa kwenye nafasi yake ya kurekebisha, kwa sababu cheni mpya itakurudisha hapo.

Halafu rudia gurudumu likiwa limepanda juu. Kwenye pikipiki yenye shokapu mbili za pembeni, fungua bolti za chini za shokapu na uinue gurudumu kwa jeki hadi mwisho wa safari yake. Kwenye zenye shokapu iliyofichwa chini, ibane kwa mikanda ya kufungia mizigo huku watu wawili wakikaa juu. Kabla ya kuinua au kubana, bandika vipande vya udongo wa kuchezea kwenye vichwa vya bolti na chini ya madigadi; ukimaliza shusha, kisha kata kila kipande kwa wembe upime unene uliobaki. Huo unene ndio nafasi yako ya kweli. Macho peke yake, pikipiki ikiwa juu ya stendi, hayawezi kukuonyesha.

Nafasi kiasi gani inatosha?

Mimi sikubali chini ya mm 6 dhidi ya chuma kisichocheza, na chini ya mm 10 dhidi ya mkanda au cheni, kwa kuwa hizo hupigapiga. Tairi likizunguka kwa kasi hutanuka kwa nguvu ya mzunguko, na bayasi hutanuka zaidi ya radiali. Ongeza kuyumba kidogo kwa beringi na kwa rimu yenye spoki za waya, utaona mm 3 za gereji zinavyoisha barabarani.

Je, mfumo wa kuendesha gurudumu unaleta tofauti?

Kubwa. Kwenye mkanda, upande wa mkanda ndio hujaa kwanza. Wengine huweka mkanda mwembamba na puli zake, na kupata milimita za kupumulia. Kwenye cheni kuna spoketi zilizosogezwa nje, ya mbele na ya nyuma pamoja. Ukisogeza moja tu, cheni inakwenda upogo na kula meno.

Shafti haitaki mchezo. Kwenye Yamaha V Star 650 au Honda Shadow 750 za shafti, nyumba ya shafti imekaa pembeni ya tairi na huwezi kuisogeza. Nafasi uliyonayo upande huo ndiyo hiyo hiyo mpaka mwisho.

Naweza kusogeza rimu upande mmoja nipate nafasi?

Kwa milimita chache, ndiyo. Rimu ya spoki za waya inaweza kusukwa upya ili ikae upande kidogo, na ya kuyeyushwa inaweza kusogezwa kwa kubadili bushi za ekseli. Lakini ukigusa bushi umegusa pia disiki ya breki na puli, hivyo vyote vipangwe upya. Kila milimita inayosogea pia inalitoa gurudumu la nyuma nje ya mstari wa la mbele. Kidogo hutalihisi, kukiwa kwingi, pikipiki inavuta upande mmoja ukiachia mikono.

Nichague kimo gani cha ubavu?

Chagua kwa kipenyo cha nje, usichague kwa upana peke yake. Zidisha upana kwa asilimia ya ubavu, zidisha mara mbili, ongeza kipenyo cha rimu kwa milimita (inchi moja ni mm 25.4).

170/80-15 inatoa mm 653. Ukienda 180/70-15 unapata mm 633, yaani fupi kwa asilimia 3. Nyuma inashuka mm 10, vikanyagio vinakwaruza mapema kwenye kona, na injini inazunguka zaidi kidogo kwa mwendo uleule. Upande mwingine, 150/80-16 ni mm 646 na 160/80-16 ni mm 662. Hapo umeongeza mm 10 za upana, na pia mm 8 za kimo kuelekea madigadi na kuelekea mbele. Wengi hupima pembeni pekee, wakagundua tairi linasugua juu.

Mimi hujaribu kukaa ndani ya asilimia 3 ya kipenyo cha awali.

## Kufunga

Kazi hii naweza kuifanya mwenyewe?

Kutoa na kurudisha gurudumu, ndiyo, kama una spana ya kupimia nguvu na kitabu cha pikipiki. Kupandisha tairi pana lenye ubavu mgumu kwenye rimu ya kuyeyushwa ni bora umpelekee fundi mwenye mashine, maana vyuma vya kubinulia tairi huchuna rimu na mlio wa mdomo kukaa mahali pake unahitaji upepo mwingi wa ghafla. Usizidishe upepo kupita kiwango cha juu cha kufungia ambacho mtengenezaji wa tairi ametaja. Mdomo ukikataa, toa upepo, paka tena maji ya sabuni maalumu, rudia.

Tyubu je?

Rimu ya spoki za waya kwa kawaida huhitaji tyubu, hata tairi lenyewe likiwa la kutotumia tyubu. Nunua tyubu inayotaja kipimo kipya cha tairi. Tyubu ya zamani ikinyooshwa kujaza tairi pana inakuwa nyembamba na kuisha nguvu, na tyubu ikipasuka hutoa upepo wote kwa mara moja. Badilisha pia utepe wa rimu unaofunika nati za spoki.

Niangalie nini kabla ya kutoka gereji?

Mshale wa mwelekeo ubavuni. Mstari mwembamba unaozunguka juu ya ukingo wa rimu uwe umbali sawa pande zote mbili, pote. Mkanda au cheni inyooke. Gurudumu libalansiwe, hasa kwa tairi zito. Kisha zungusha kwa mkono na usikilize. Tazama pia tarehe ya kutengenezwa: tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ni wiki na mwaka, kwa mfano 3522 ni wiki ya 35 ya mwaka 2022.

Na baada ya safari ya kwanza?

Zunguka kwa tochi. Sehemu inayong'aa kwenye chuma, mstari mweusi ndani ya madigadi au unga wa mpira juu ya mkanda ni ushahidi kwamba tairi linagusa. Usiendelee nalo ukitumaini litajichonga. Tairi jipya pia ni la kwenda nalo taratibu kwa kilomita 150 hivi za mwanzo, bila kulaza sana wala kubana breki ghafla.

## Barabarani

Pikipiki itaendeshwaje?

Itakuwa nzito kuingia kwenye kona. Ukilaza, sehemu ya mguso inahama kutoka katikati ya tairi kwenda pembeni, na kwenye tairi pana inahama mbali zaidi. Kwa hiyo kwa kona ileile na mwendo uleule unalazimika kulaza zaidi, nawe kwenye kruza hukuwa na pembe nyingi za kulaza tangu mwanzo. Barabara yenye mifereji au mteremko wa upande nayo itaisukuma pikipiki zaidi kuliko zamani.

Hatua moja, tuseme 170 kwenda 180, wengi huizoea siku ileile. Kutoka 150 kwenda 200 ni pikipiki nyingine. Rimu na tairi pana pia ni nzito, na uzito huo uko chini ya shokapu, ndiyo maana mashimo yanapiga mgongoni zaidi.

Spidomita itasema uongo?

Inategemea inasoma wapi. Ikisoma gurudumu la mbele, hakuna kinachobadilika. Ikisoma giaboksi au gurudumu la nyuma, mfano wa hapo juu wa 653 kwenda 633 utakufanya uone 100 ukiwa unakwenda 97. Tairi refu hufanya kinyume, nalo ndilo la kuangalia zaidi.

ABS (mfumo unaozuia gurudumu kujifunga ukibana breki) na udhibiti wa kuteleza?

Mifumo hii hulinganisha mzunguko wa magurudumu mawili. Tofauti ndogo huvumilika. Kubwa huwasha taa au kufanya mfumo uingilie pasipohitajika. Ni sababu nyingine ya kushika asilimia 3.

Nijaze upepo gani?

Anza na kiwango cha kitabu cha pikipiki kwa mzigo wako, kisha uliza jedwali la mtengenezaji wa tairi kwa pikipiki hiyo. Namba iliyochongwa ubavuni ni kiwango cha juu kwa mzigo wa juu, si pendekezo la kila siku. Pima tairi likiwa baridi.

## Hali zisizo za kawaida

Niongeze na la mbele?

Kwa kawaida hapana. La mbele linaamua usukani, na kulipanua kunazidisha uzito ule ulioongeza nyuma. Muhimu zaidi ni aina: usichanganye radiali na bayasi mbele na nyuma bila idhini ya mtengenezaji wa tairi.

Huwa nabeba abiria na mizigo. Inabadilisha jibu?

Inabadilisha kipimo cha nafasi. Fanya lile zoezi la gurudumu likiwa juu kabisa, bila njia ya mkato, na soma tena fahirisi ya mzigo. Ukiwa mtu wa safari ndefu na abiria kila mara, ushauri wangu ni ubaki na upana wa kiwandani.

Kuna wanaoweka tairi la gari nyuma. Vipi?

Wapo, na husema linadumu. Sishauri. Mdomo wa tairi la gari na ukingo wa rimu ya pikipiki havikuundwa kushikana, na uso wake ni bapa. Pikipiki ikilala, tairi linapanda juu ya bega moja huku nusu ya uso ikiwa hewani. Watengenezaji wa pikipiki kwa kawaida hawaliruhusu, na swali la bima hapa chini linakuwa gumu mara mbili.

Seti za 240, 300 na zaidi zinahusisha nini?

Mkono mpya wa nyuma, rimu, madigadi, ekseli, puli na mara nyingi mabadiliko ya giaboksi. Ili mkanda uupite upande wa tairi, ama giaboksi na injini zinasogezwa kushoto, ama inafungwa giaboksi ya kutoa nguvu upande wa kulia. Njia ya pili inaiacha injini katikati na pikipiki haivuti upande. Seti nzuri huja na vyote kutoka kwa mtengenezaji mmoja. Ukiona seti yenye tairi na mkono wa nyuma tu, uliza mkanda utapita wapi.

Bima, dhamana na ukaguzi?

Sheria zinatofautiana, na kuna nchi ambako kipimo kisichoandikwa kwenye hati za pikipiki ni kosa mpaka kiidhinishwe. Uliza mamlaka ya usajili na kampuni ya bima kabla ya kununua, upate jibu kwa maandishi. Mabadiliko yasiyotangazwa yanaweza kuwa sababu ya kukataliwa fidia hata kama ajali haikutokana na tairi.

Nitunze rimu na vifaa vya zamani?

Vitunze, pamoja na bushi na bolti zake, kila kimoja kwenye mfuko wenye jina la upande kilikotoka. Mnunuzi wa baadaye au mkaguzi anaweza kutaka pikipiki irudi ilivyokuwa, na bushi za kushoto na kulia zinafanana kuliko unavyodhani.